Tiba za Jeni Si Anasa kwa Kanda ya Ziwa

Tiba za seli na tiba za jeni zinazozungumziwa hapa ni matibabu ambayo dawa yake ni seli hai. Seli hutolewa mwilini mwa mgonjwa, hupelekwa maabara kuongezewa jeni au kurekebishwa DNA yake mahali fulani, kisha hurudishwa zikafanye kazi ambayo awali zilikuwa haziiwezi. Kwa saratani kadhaa za damu na kwa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, matibabu haya yameshatoka kwenye majaribio na kuingia wodini. Hata hivyo, maoni yaliyotawala Tanzania kuhusu tiba hizi ni kwamba haziwahusu Watanzania. Huambiwa kuwa ni anasa ya nchi tajiri, na kuwa mikoa kama Shinyanga na Geita, ambako zahanati huweza kuishiwa hata dawa za kawaida, ina mambo ya msingi ya kumaliza kwanza. Maoni haya husemwa kwa sauti ya busara, na wanaoyasema ni watu wenye nia njema. Lakini yamejengwa juu ya kutojua tiba hizi zimetengenezwa na nini, juu ya kudhani kuwa bei ya leo ni bei ya milele, na juu ya kusahau kwamba maneno yale yale yalishasemwa kuhusu dawa nyingine na yakaonekana kuwa ya uongo.

Hoja inaanzia kwenye damu ya watoto wenyewe. Kati ya mwaka 2017 na 2018 maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ilipima selimundu kwenye sampuli zaidi ya 17,000 za watoto wadogo kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano upya. Sampuli zilikuwa zimeshakusanywa kwa ajili ya kupima maambukizi ya VVU kwa watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi. Kisigino cha mtoto kilichomwa kidogo, matone ya damu yakadondoshewa kwenye miduara iliyochapwa juu ya kadi ya karatasi nene, kadi ikaachwa ikauke, ikatiwa bahasha na kusafirishwa hadi Mwanza. Kipande chenye upana wa milimita chache, kinachotobolewa kutoka kwenye kadi hiyo, kinatosha kuonyesha mtoto ana himoglobini ya aina gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Haematology: mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba jeni moja ya selimundu, na 1.2 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Maana yake ni mtoto mmoja kati ya kila 80 hivi. Ni sehemu chache duniani zenye kiwango kama hicho, na kwa nchi nzima makadirio yanayonukuliwa mara nyingi husema watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Chanzo cha yote haya ni herufi moja. Katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini, herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo chembe nyekundu ya damu inapoishiwa oksijeni hujikunja ikawa kama mundu, ikakakamaa na kukwama kwenye mishipa midogo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti na ya watu wengine, na huo ukawa ugonjwa wa kwanza kuelezwa kwa lugha ya molekuli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwa nini jeni hii haijatoweka: anayebeba nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mbu wa bonde la Ziwa Victoria ndiye aliyeitunza jeni hii kwa vizazi na vizazi. Mwenye nakala mbili hulipa gharama ya kinga hiyo kwa maumivu ya mifupa, vidole vya mikono na miguu vinavyovimba utotoni, upungufu wa damu, bandama linalovimba ghafla, kiharusi, na vifo vya mapema ambavyo katika vijiji vingi vimekuwa vikihesabiwa kuwa ni vya malaria, vya degedege au vya kurogwa.

Watoto hawa hawaonekani wagonjwa wanapozaliwa, na hapo ndipo siri ya tiba ilipofichwa. Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, himoglobini ya kijusi, ambayo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima taratibu, na kufikia miezi sita hivi ile yenye kasoro imeshika nafasi. Kuna wagonjwa wachache ambao kwa bahati ya kurithi hawaizimi kabisa, na hao huugua kidogo. Wanasayansi walitaka kujua nani anashika swichi hiyo. Jeni iitwayo BCL11A ilitambuliwa, na kati ya watu waliosaidia kuielewa wamo wagonjwa wa Dar es Salaam. Kliniki ya selimundu ya Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, ilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Blood, uliolinganisha jeni za himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Kwa hiyo anayesema sayansi hii ni ya wazungu na Mtanzania ni mtazamaji tu, amekosea hata kabla ya kufika kwenye suala la fedha. Damu ya Watanzania imo kwenye ushahidi uliojenga tiba hiyo.

Tiba yenyewe ilipata idhini Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Inaitwa Casgevy, na ni dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni, kuruhusiwa kutumika. Seli shina za mgonjwa hutolewa kwenye damu, hukatwa mahali penye swichi ya BCL11A, himoglobini ya kijusi hufunguka tena, na seli hurudishwa. Katika jaribio lililoripotiwa mwaka 2024, wagonjwa 29 kati ya 30 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata shambulio kubwa la maumivu. Dawa ya pili, Lyfgenia, iliidhinishwa Marekani siku ile ile. Hiyo hutumia kirusi kilichopunguzwa makali kupeleka jeni nzima ya himoglobini. Casgevy ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na Lyfgenia kwa dola milioni 3.1. Kwa shilingi za Tanzania, ile ya bei ndogo inazidi bilioni 5.

Hapa ndipo wenye maoni yaliyotawala hufunga kitabu. Bilioni 5 kwa mtoto mmoja, wakati Kahama au Nyang'hwale kuna watoto ambao hawajawahi hata kupimwa! Hesabu hiyo inatisha, na kama ingekuwa na maana kwamba mtu anapendekeza Serikali inunue Casgevy kesho, mjadala ungeishia hapo. Hakuna mwenye akili timamu anayependekeza hivyo. Swali ni jingine: mgonjwa wa Casgevy hupitia nini tangu siku ya kwanza hadi anaruhusiwa kwenda nyumbani, na ni hatua ngapi kati ya hizo ambazo hospitali ya Tanzania haina sababu ya kuzihitaji?

Jibu ni kwamba karibu zote inazihitaji, leo, kwa wagonjwa ilio nao. Mgonjwa huanza kwa kupimwa na kuandikishwa kwenye rejesta. Kwa majuma kadhaa huongezewa damu salama iliyolinganishwa vizuri na yake. Huchomwa dawa inayosukuma seli shina kutoka kwenye uboho kuingia kwenye damu, kisha mashine huzichuja. Seli hupelekwa kiwandani kuhaririwa. Zikirudi, mgonjwa hupewa dawa kali ya tibakemia iitwayo busulfani ili kusafisha uboho wa zamani, hurudishiwa seli zake, halafu hulazwa majuma manne hadi sita katika chumba kilichotengwa, bila kinga ya mwili, akilindwa na wauguzi wanaojua kusoma dalili ndogo za maambukizi. Ukiondoa ile safari ya kiwandani, hayo mengine ni upandikizaji wa uboho wa kawaida. Na upandikizaji huo haupo Ulaya tu. Mwaka 2021 Muhimbili ilianza kuwapandikiza wagonjwa wa mieloma, aina ya saratani ya damu, seli shina zao wenyewe: kuchuja, kutia tibakemia, kurudisha. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uboho wa ndugu zao, na hiyo ni tiba inayoponya. Gari limeshanunuliwa, dereva anafundishwa, na bado watu wanabishana kama barabara ya Tanzania inafaa kupita gari.

Tatizo la upandikizaji wa Dodoma ni kwamba unahitaji ndugu ambaye tishu zake zinaoana na za mgonjwa na ambaye si mgonjwa. Wengi hawana. Tiba ya jeni hutatua tatizo hilo moja kwa moja, kwa kuwa mgonjwa hutumia seli zake mwenyewe. Katika familia za Shinyanga zenye watoto wengi nafasi ya kupata ndugu anayefaa ni kubwa kuliko kwingine, lakini kubwa si hakika, na daktari hawezi kumwambia mzazi azae tena akibahatisha.

Kauli ya "mambo ya msingi kwanza" inastahili kuchunguzwa kwa ukali zaidi kuliko inavyochunguzwa. Inadokeza kuwa kuna mashindano: kila anayezungumzia CRISPR ananyang'anya vidonge vya mtoto wa Bukombe. Ushahidi wa mashindano hayo uko wapi? Hakuna shilingi iliyotolewa kwenye haidroksiyurea, kidonge cha kutuliza selimundu, ikapelekwa kwenye tiba ya jeni. Upimaji wa watoto wachanga haujafika kila wodi ya wazazi katika Kanda ya Ziwa, na haujafika huko bila CRISPR kuwa na fungu lolote kwenye bajeti. Miaka yote ambayo tiba za jeni zilikuwa ndoto, mambo ya msingi hayakufanyika. Kauli hii basi haijawahi kuyalinda mambo ya msingi. Imekuwa kisingizio cha kutofanya la juu wala la chini.

Zaidi ya hayo, haidroksiyurea yenyewe ilipitia hukumu kama hii. Ni kidonge cha zamani na rahisi, kinachopandisha himoglobini ya kijusi kwa njia ya kawaida. Kwa miaka mingi watoto wa Marekani walikitumia wakati Afrika iliambiwa isubiri: ilihofiwa kwamba kidonge kinachopunguza seli nyeupe kingewaua watoto wanaoishi katikati ya malaria na utapiamlo. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, lakini ilikuwa haijapimwa. Utafiti wa REACH ulipoipima kwa watoto zaidi ya 600 huko Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuja kinyume. Maumivu yalipungua, uhitaji wa kuongezewa damu ukapungua, vifo vikapungua, na malaria, iliyohofiwa kuongezeka, ilishuka kwa takribani nusu. Watoto waliokosa kidonge hicho wakati wakubwa wakiwa waangalifu kwa niaba yao hawakuhesabiwa na yeyote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika habari hii imeumiza zaidi ya matumbo.

Mfano mkubwa zaidi unakumbukwa na kila mtu mzima wa Shinyanga. Mwaka 2000 matibabu ya VVU kwa mgonjwa mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alidai hadharani kuwa Waafrika wengi hawatumii saa, kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza dawa hizo kwa dola 350. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kuzitoa bure, na leo gharama ya dawa za mwaka mzima iko chini ya dola 100. Katika migodi ya wachimbaji wadogo ya Geita, kwenye maduara na vijiji vya muda vinavyoota penye taarifa za dhahabu, watu wanaohama kila baada ya miezi wameweza kufuata dawa za maisha. Na ile kadi ya damu kavu iliyowafichua watoto wa selimundu ilitoka kwenye mfumo uliojengwa na programu ambayo iliitwa ndoto. Wapinzani wa leo hawasemi maneno ya Natsios, na ni haki kuwatofautisha naye. Lakini mantiki yao ni ile ile: wanachukua bei na udhaifu wa siku moja na kuviita hali ya kudumu.

Bei ya tiba ya seli haitoki kwenye dhahabu iliyomo ndani yake. Inatokana na viwanda vichache vinavyotengeneza kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja, virusi vya kubebea jeni vinavyouzwa ghali, usafirishaji wa seli zilizogandishwa, hataza, na uamuzi wa mwenye kampuni kuhusu kiasi ambacho bima ya Marekani inaweza kuvumilia. Ushahidi uko India, nchi ambayo Watanzania wanaijua kwa safari za rufaa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Kymriah, tiba ya kwanza ya seli za CAR-T, kwa dola 475,000. Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, tiba ya jamii hiyo hiyo iliyotengenezwa na watafiti wa chuo cha IIT Bombay pamoja na Hospitali ya Tata Memorial, kwa bei ya takribani sehemu moja ya kumi. Walitengeneza virusi vyao wenyewe na kuandaa seli ndani ya nchi yao. Kampala nako kituo cha utafiti cha JCRC, chini ya Dakta Cissy Kityo, kimekuwa kikijiandaa kwa tiba za jeni za VVU na selimundu. Dola 50,000 bado ni fedha ambayo familia ya Maswa haiwezi kuiota. Ila mteremko umeshaonekana, na anayesema bei haitashuka ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Seli za CAR-T zinahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo chumvi huongezwa pande zote mbili. Seli T ni askari wa mwili. Saratani ya damu hustawi kwa sababu askari hao hawaitambui kama adui. Watafiti huzitoa seli T, huziingiza jeni ya kipokezi kinachonasa alama iitwayo CD19 iliyo juu ya seli za saratani, huzikuza zifikie mamilioni na kuzirudisha. Jeni hiyo mara nyingi hubebwa na kirusi kilichoundwa kutokana na VVU vilivyovuliwa uwezo wa kuambukiza. Kirusi kilichoua watu wengi Kanda ya Ziwa sasa ni mpagazi. Emily Whitehead, mtoto wa Kimarekani aliyetibiwa Philadelphia mwaka 2012 baada ya lukemia yake kushinda tibakemia zote, amekua na kuwa mtu mzima. Matokeo mazuri yamepatikana pia kwa limfoma na mieloma.

Kwa saratani ngumu za viungo, hadithi ni nyingine. Idhini zilizotolewa hadi sasa ni chache sana, kwa melanoma na aina adimu za sarkoma. Hakuna tiba ya seli iliyoidhinishwa kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni miongoni mwa zinazowajaza wagonjwa wodi za Bugando na za taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa saratani hiyo chanjo ya HPV, inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018 na kwa dozi moja tangu 2024, inashinda teknolojia yoyote ya jeni iliyopo. Vivyo hivyo kwa madhara ya uchimbaji. Wapo wanaohusisha kila saratani ya Geita na zebaki ya kuchenjulia dhahabu. Zebaki inajulikana zaidi kwa kudhuru neva na figo, ilhali vumbi la mawe linalotoka kwenye makrasha limethibitika kusababisha saratani ya mapafu na ugonjwa wa silikosisi. Maji ya kulowesha mawe ni nafuu na ni bora kuliko tiba yoyote itakayokuja baadaye. Kukubali hayo hakupunguzi hoja kuu. Kunaipunguzia tu kelele za wanaotangaza kuwa seli shina zinaponya kisukari, presha na upungufu wa nguvu za kiume kwa sindano moja. Biashara hiyo ni utapeli, na inakua haraka zaidi pale ambapo sayansi halisi imeachwa ionekane kama uchawi wa mbali.

Kansa ya watoto ambayo Kanda ya Ziwa inaijua zaidi ya nchi nyingi tajiri ni limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliieleza mwaka 1958 akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari hospitali hadi hospitali, kupitia Tanganyika, akifuatilia mipaka yake na kuiona ikifuata ukanda wa malaria. Jambo linalosahauliwa ni kilichofuata. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani kuonyesha kuwa tibakemia inaweza kuponya saratani, wakati ambapo madaktari wengi wa nchi tajiri walikuwa bado na mashaka nayo. Utafiti wa mbele kabisa ulifanyika pembezoni mwa ziwa hili hili, kwa watoto wa vijijini, kwa sababu ugonjwa ulikuwa hapo. Limfoma ya Burkitt ina alama ya CD19. Kama CAR-T itapimwa vizuri kwa ugonjwa huo, mahali pake pa haki ni hapa.

Pingamizi lenye uzito kuliko bei ni usalama, na ajabu ni kwamba hutajwa kwa nadra. Busulfani huweza kumfanya mgonjwa asizae. Kwa jamii ya Wasukuma, ambako mtu asiye na mtoto hubeba lawama hadi uzeeni, hilo si jambo la kuandikwa kwa herufi ndogo kwenye fomu. Lyfgenia ina onyo rasmi la hatari ya saratani ya damu, na tiba za CAR-T zimewekewa onyo la aina hiyo tangu 2024. Mgonjwa asiye na kinga kwa majuma kadhaa, katika eneo lenye kifua kikuu na malaria, yuko hatarini kuliko yule wa Boston. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotetea kusubiri. Hatari za busulfani kwa mtoto wa Geita haziwezi kujulikana kwa kumpima mtoto wa Tennessee. Zitajulikana kwa majaribio yanayofanyika hapa, yakisimamiwa hapa, na mtoto akirudi kijijini anapoishi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Ina uwezo wa kujifunza kusimamia bidhaa hizi, ikipewa wataalamu.

Watafiti nao wanatafuta njia ya kuondoa kabisa busulfani, kwa kupeleka kihariri cha jeni ndani ya mwili kwa sindano. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza kuweka dola milioni 200 kwa lengo hilo, kwa ajili ya VVU na selimundu, wakitaja Afrika waziwazi. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia waliripoti kumtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini kwa kihariri kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake ndani ya miezi sita, kikibebwa na matone ya mafuta ya jamii ile iliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za UVIKO-19. Kwa uboho kazi ni ngumu zaidi kuliko kwa ini. Ikifanikiwa, sehemu ghali ya mnyororo itaondoka, na kitakachobaki ni kile kile kinachokosekana sasa: kujua mgonjwa ni nani, yuko kijiji gani, na kama yu hai.

Wanaosema teknolojia hii ni ya juu mno kwa ukanda huu wangeangalia chini ya miguu yao. Mgodi wa Geita umekuwa ukizalisha dhahabu tangu mwaka 2000, na sasa unachimba pia chini ya ardhi, kwa mashine na vipimo ambavyo hakuna aliyesema havimfai Mtanzania. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu 1940. Sheria inatoza mrabaha wa asilimia 6 kwenye dhahabu, halmashauri hudai ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, na tangu marekebisho ya 2017 kila mgodi mkubwa unatakiwa kuwa na mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni vyema. Zinaweza pia kununua vipimo vya papo hapo vya selimundu, vinavyotoa jibu kwa tone la damu ndani ya dakika kumi hivi, kwa kila wodi ya wazazi kuanzia Mbogwe hadi Kishapu. Zinaweza kugharimia haidroksiyurea isiyokatika, na kuwasomesha wahitimu wachache wa maabara wakajifunze utunzaji wa seli Mumbai badala ya kusubiri wagonjwa wapelekwe huko. Hayo ndiyo mambo ya msingi, na ndiyo pia maandalizi ya tiba za jeni. Orodha ni moja.

Kusubiri kuna gharama inayohesabika kwa umri. Bila kutambuliwa na kutunzwa, inakadiriwa kuwa nusu au zaidi ya watoto wa Afrika wenye selimundu hawafiki miaka mitano. Casgevy iliidhinishwa kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Mtoto atakayezaliwa Geita na ugonjwa huu mwaka 2026 atafikia umri huo mwaka 2038, kama atapimwa, akapata penisilini, chanjo na haidroksiyurea. Hataza za msingi za CRISPR, zilizoombwa mwaka 2012 na 2013, zitakuwa zimekwisha kufikia hapo, kwa kuwa hataza hudumu miaka 20. Halmashauri za Geita na Shinyanga zinazopitisha bajeti zao za afya kila mwaka ndizo zitakazoamua kama mtoto huyo atakuwepo.